Maswali ya Wasomaji: Kuunganisha Sentensi za Kiingereza

Katika zoezi nilipewa sentensi mbili, *He was ill. He went to work*, niziunganishe kwa *although*. Nikaandika *Although he was ill, but he went to work*. Mwalimu amekata alama bila kueleza sababu. Kosa liko wapi?

Kosa ni *but*. Vishazi vikiwa viwili, Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu, na hapo *although* imeshaifanya kazi hiyo. Sisi tumezoea kusema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda kazini", sikio halishtuki, ndiyo maana kosa hili humponyoka hata mtu anayeandika Kiingereza kizuri. Chagua kimoja: *Although he was ill, he went to work*, au *He was ill, but he went to work*. Ukitaka kukazia upande wa pili, weka *still*: *Although he was ill, he still went to work*. Hicho ni kielezi, hakigombani na *although*.

Kabla ya kuandika, jiulize ni jambo gani lilitarajiwa kulizuia jingine. Ugonjwa ndio ungemzuia asiende kazini, basi *although* inakaa upande wa ugonjwa. Ukiigeuza, *Although he went to work, he was ill*, sarufi haina dosari lakini maana imepinda. Kuhusu alama ya mkato: *although* ikianza sentensi, mkato unawekwa pale kishazi chake kinapoishia, ikija katikati, kwa kawaida mkato hauhitajiki.

*Because* nayo ina kasoro hiyo hiyo ikifuatana na *so*. *Because it was raining, so we stayed at home* inapona ukiondoa moja kati ya hayo mawili, lolote.

Sentensi zile zile, safari hii kwa *despite*. *Despite he was ill, he went to work* imekataliwa pia.

Ni lazima ikataliwe. *Although* hufuatwa na kishazi kizima, chenye kiima na kitenzi chake. *Despite* na *in spite of* hazibebi kishazi. Zinataka nomino, au kitenzi chenye *-ing*. Kwa hiyo hapa si suala la kubadili neno la kwanza na kuacha mengine kama yalivyokuwa. Kishazi chenyewe hakina budi kuvunjwa.

Tazama kwanza viima. Vikiwa ni mtu mmoja, futa kiima cha kwanza na ukigeuze kitenzi: *he was ill* inakuwa *being ill*, tunapata *Despite being ill, he went to work*. Unaweza pia kukigeuza kivumishi kuwa nomino, nacho kiima kikawa kimilikishi: *Despite his illness, he went to work*. Viima vikitofautiana, kama *The road was bad. We arrived on time*, kitoe kivumishi mwisho wa kishazi ukitangulize mbele ya nomino yake: *Despite the bad road, we arrived on time*. Tendo la kwanza likiwa limekwisha kabla ya la pili, tumia *having*: *Despite having studied hard, she failed*.

Kuna njia ya mkato, *despite the fact that*, ambayo inaruhusu kishazi kizima kubaki kilivyo. Ni sahihi, ila ni nzito, na katika zoezi inaonekana kama mtu amekwepa kazi. Angalia tahajia pia: *in spite of* ni maneno matatu, wala hakuna *despite of*.

Tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya *because* na *because of*: *because it rained*, lakini *because of the rain*.

Naambiwa *however* na *but* zina maana moja. Mbona *It was late, however we continued* inasahihishwa kwa wino mwekundu?

Maana zinakaribiana, kazi ni tofauti. *But* ni kiunganishi. Ina nguvu ya kushika vishazi viwili ndani ya sentensi moja, na mkato mbele yake unatosha. *However* ni kielezi, haishiki chochote. Ukiondoa *but* na kuweka *however*, vishazi viwili huru vinabaki vimeshikizwa kwa mkato peke yake, na mkato hauwezi mzigo huo. Weka nukta au nuktamkato kabla yake, na mkato baada yake: *It was late; however, we continued*. *Therefore* na *nevertheless* hufuata sheria hiyo.

Ukitaka kupima kama neno ni kiunganishi, jaribu kulisogeza. *It was late. We, however, continued* inakubalika. *We, but, continued* haiwezekani.

Natakiwa kuandika upya kwa *unless*: *If she does not come, we will leave*. Nimeandika *Unless she does not come, we will leave*.

*Unless* tayari ina ukanushi ndani yake. Ukiiacha *not*, umekanusha mara mbili na sentensi yako inasema kinyume: tutaondoka kama atakuja. Jibu ni *Unless she comes, we will leave*. Itazame hiyo *s*. Katika *does not come* ilikuwa imebebwa na *does*. Ukiifuta *does*, inarudi kwenye kitenzi. Wengi hukumbuka kuondoa *not*, kisha wanaandika *Unless she come* na alama inapotea pale pale.

Aina ya pili ya swali hili ina mtego zaidi: *Work hard. You will pass.* Hapo hakuna *not* ya kufuta, kwa hiyo ukanushi unahamia upande wa pili: *Unless you work hard, you will not pass*. Wala usiweke *will* katika kishazi cha *unless*, hata kama jambo ni la baadaye. Vivyo hivyo kwa *when*, *as soon as*, *until* na *before* zinapotaja wakati ujao: *I will call you when I arrive*, si *when I will arrive*.

*Too … to*, *so … that* na *such … that* hunichanganya. Naomba mfano mmoja kwa zote.

Chukua *The box is very heavy. She cannot lift it.* Kwanza futa *very*, maana nafasi yake inachukuliwa katika sentensi zote tatu.

*The box is too heavy for her to lift.* Hapa *cannot* imetoweka kwa sababu *too* inatosha kukanusha, na *it* imetoweka pia. Kuiacha hiyo *it* mwishoni ndilo kosa linaloonekana zaidi.

*The box is so heavy that she cannot lift it.* Hapa *cannot* na *it* zinabaki zote mbili, kwa kuwa baada ya *that* kuna kishazi kamili.

*It is such a heavy box that she cannot lift it.* *So* inakaa mbele ya kivumishi kikiwa peke yake. *Such* inataka nomino baada ya kivumishi. Nomino ya umoja inayohesabika inadai *a* au *an*. Isiyohesabika haidai: *such heavy luggage*. Na *too heavy that* haipo.

Kwa nini *No sooner he had arrived when it rained* si sahihi?

Kuna makosa mawili. *No sooner* ikianza sentensi, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima, kama katika swali. Na mwenzake ni *than*, siyo *when*. *No sooner had he arrived than it rained*. *When* ni mwenzi wa *hardly* na *scarcely*: *Hardly had he arrived when it rained*. Baada ya *had* kitenzi kinakaa katika umbo lake la tatu, *arrived*, *gone*, *written*. Ukianza na kiima, mpangilio unarudi wa kawaida: *He had no sooner arrived than it rained*.

*Not only* mwanzoni mwa sentensi hugeuza mpangilio vilevile. *She sings. She dances* inakuwa *Not only does she sing, but she also dances*: *does* imeichukua *s* ya kitenzi cha kwanza, cha pili kimebaki nayo.

Je, ni kweli hairuhusiwi kuanza sentensi kwa *because*?

Inaruhusiwa, mradi kishazi cha pili kiwepo: *Because the bus was late, I missed the lesson*. Kinachokatazwa ni kuweka nukta katikati ya safari: *Because the bus was late.* Hicho ni kishazi tegemezi kilichoachwa peke yake. Kuhusu *and* na *but*, magazeti na vitabu huanzia nazo bila tatizo. Ila katika zoezi la kuunganisha, ukianza sentensi ya pili kwa *But*, sentensi bado ni mbili na swali hujalijibu.