Maswali na Majibu: Visukuku vya Sakafu ya Bahari, Nani Aliishi na Nani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina gamba la kome la kale, lina tundu la duara karibu na bawaba. Kaka yangu anashikilia kwamba watu walilitoboa ili wavae shingoni. Ni kweli? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, utazame ukingo wa tundu na kuta zake. Konokono wa mchangani wa jamii ya Naticidae hutoboa tundu pana kwa nje linalopungua kadiri linavyoingia, kama faneli. Wa jamii ya Muricidae, wanaowinda juu ya mawe, kwa kawaida huacha kuta zilizonyooka. Wote hutoboa kwa zamu: tezi inatoa majimaji ya kulainisha gamba, kisha ulimi wenye meno unakwangua. Mwendo wao ni karibu nusu milimita kwa siku, kwa hiyo gamba nene humchukua konokono siku kadhaa. Pweza naye hutoboa, ila tundu lake ni dogo mno na mara nyingi lina umbo la yai.

Mtu akitoboa kwa kugonga, ukingo hubanduka vipande. Halafu kuna mchanga wa mawimbi, ambao watu huusahau kila mara. Gamba husagika likawa jembamba pale lilipovimba, yaani karibu na bawaba, mpaka likatoboka. Tundu la namna hiyo halina umbo maalumu, na gamba lote linalolizunguka limelainika. Kwa mahali lilipo tundu lako, anza kuushuku mchanga. Lakini ukipata shimo ambalo halikufika ndani, na katikati ya sakafu yake kuna kinundu, hilo ni la Naticidae aliyeacha kazi njiani.

SWALI: Nimeokota magamba 60 ya kome, 12 yana matundu ya konokono. Niandike kwamba asilimia 20 waliliwa?

JIBU: Hapana. Kome mmoja ana magamba mawili, na kwa kawaida konokono hutoboa moja tu. Magamba 60 yaliyotengana ni kome 30, na 12 kati ya 30 ni asilimia 40. Hata hesabu hii inasimama tu kama uliokota yote bila kuchagua mazuri, na kama ya kushoto na ya kulia yanakaribiana kwa idadi, kwa sababu mkondo wa maji huweza kuyatenganisha. Tena andika "waliotobolewa". Usiandike "walioliwa". Kaa na samaki aina ya taa huvunja gamba zima, na mlo wao hauachi tundu la kuhesabu.

SWALI: Ndani ya gamba kuna mirija ya minyoo. Ndio waliomuua kome?

JIBU: Hapana. Walihamia akiwa ameshakufa, kwa sababu akiwa hai, upande huo hufunikwa na nyama yake.

SWALI: Na mirija ikiwa nje ya gamba? Huo ni urafiki au unyonyaji?

JIBU: Barua za namna hii zinakuja nyingi, na karibu zote zinaruka hatua. Thibitisha kwanza kwamba wote wawili walikuwa hai kwa wakati mmoja. Viumbe viwili kukutwa kwenye jiwe moja hakuthibitishi chochote. Maiti na mpangaji wake hulala pamoja vilevile.

Tafuta haya. Midomo ya mirija imeelekea ukingoni, pale mwenyeji, yaani mwenye gamba, anapovutia maji? Gamba liliendelea kukua likauzunguka mrija? Mrija unaongezeka sambamba na mistari ya ukuaji wa gamba? Hizo ni dalili za uhai. Lakini mrija ukivuka kutoka gamba moja hadi la pili na kuziba mwanya, mwenyeji alikuwa amekufa, maana asingeweza tena kufunguka ale.

Ukishavuka hapo, unyonyaji unadai ushahidi wa hasara. Mfano mzuri unatoka Yunnan, China, katika mawe ya kipindi cha Kambria yenye umri wa miaka milioni 512 hivi, uliochapishwa 2020. Brakiopodi (wanyama wa bahari wenye magamba mawili, wanaofanana na kome) wa Neobolus wamebeba mirija iliyopangwa kufuata mkondo wao wa chakula, mirija hiyo haikuonekana juu ya viumbe wengine wa tabaka hilo, na wenye mirija walikuwa na mwili mdogo kuliko wasio nayo. Kwa mambo hayo matatu pamoja, watafiti waliweza kusema waliokaa ndani ya mirija walikuwa wezi wa chakula. Wewe una gamba moja. Andika "walikuwa pamoja", uishie hapo.

SWALI: Siki inafaa kusafishia?

JIBU: Tumeshasema, na tunarudia: usitumie siki, ndimu wala asidi ya betri. Gamba ni chokaa, na asidi hula kwanza vile vyembamba: briozoa (wanyama wadogo wanaoota kwa makundi juu ya gamba), mirija, ukingo wa tundu. Ushahidi wote uko hapo. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ubadilishe kila siku kwa siku 4 au 5, kisha tumia mswaki laini na kijiti cha mianzi. Pini huacha mikwaruzo utakayokuja kuiita meno ya konokono.

SWALI: Miamba ya Oysterbay imejaa matundu ya kuingia kidole. Ni visukuku?

JIBU: Jiwe ni la kale, ni matumbawe ya Pleistosini (zama za barafu) yaliyoinuka, lakini tundu linaweza kuwa la juzi. Kome wa Lithophaga wanatoboa mpaka leo. Tundu la kale mara nyingi limejaa mchanga ulioganda ukawa jiwe. Likiwa tupu, au kome bado yumo, usiliite kisukuku. Vitundu vidogo vingi vilivyounganishwa na vyumba kwa ndani ni vya sifongo wa Cliona. Nenda maji yakiwa yamekupwa, na viatu miguuni.

SWALI: Wikiendi tunakwenda kisiwa cha Mbudya. Tuokote?

JIBU: Msiokote kitu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari. Pigeni picha zenye rula pembeni, ndani na nje ya gamba, na moja ya karibu ya ukingo. Andikeni pia gamba lilikuwa limelala upande gani kabla ya kuguswa.