Mguu umemwachia nani?

Nilipoanza kufundisha walimu wa muziki hapa Nairobi, niliuandika wimbo mmoja wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa nota, nikajiona nimefika. Nyuzi zote nane nilizipa nafasi yake. Mlio wa pete ya kidoleni na njuga za gara nikauacha nje; kwangu ulikuwa makelele tu. Nikamwendea mzee mmoja mpiga nyatiti anayeishi Kawangware, nikaketi kwenye kiti cha plastiki, nikampigia.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, na mguu umemwachia nani?"

Mpiga nyatiti hukaa chini kabisa, kwenye kigoda. Kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma inayogonga mbao ya ala, na gara hulia mguuni. Vidole vya mkono vinacheza juu ya mapigo hayo. Mimi nilikuwa nimeyafuta, halafu muhula mzima nikawalaumu wanafunzi kwamba hawashiki mizani. Wangeshika nini? Nyuzi nazo nilizikaza kufuata kinanda. Mzee akazilegeza moja baada ya nyingine huku akiimba kwa sauti ya chini, mpaka zikakubaliana na koo lake.

Tangu siku hiyo sikubali ratiba inayoweka ufundi Jumatatu na "utamaduni" Ijumaa mchana, watu wakiwa wamechoka. Namna ya kukaa, nani anaimba, anaimba wapi: hayo ndiyo yanayoamua mkono uende vipi.

Ukiwa mkufunzi, anza na mwenye wimbo kabla ya ubao. Mwite aje darasani, na umlipe kama unavyomlipa mhadhiri mgeni, si soda na nauli ya matatu. Wanafunzi wamuulize wimbo huu huimbwa lini, na nani haruhusiwi kuuimba. Kisha wape alama kwa majibu waliyoleta. Nasema alama kwa sababu nawajua wanafunzi, kisichotahiniwa hakisomwi.

Kuna mmoja wangu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya Eastlands. Alikuwa amejifunza mapigo ya isukuti barabara, ngoma kubwa, ya kati na ndogo, akachagua wimbo wa kufungia siku ya zawadi. Watoto wakaimba kwa furaha. Bibi mmoja aliyeketi mstari wa mbele akamgeukia jirani yake: "Nani ameaga?" Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya hupigwa harusini na matangani pia, na kijana wangu alijua mapigo tu. Ngoma hiyo iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka tangu 2014, lakini orodha haikumsaidia siku ile. Kosa lilikuwa langu, kwani mimi ndiye niliyempitisha.

Wapo wenzangu waliokimbilia upande wa pili: mihadhara mitupu kuhusu mila, shanga na shuka, na mwanafunzi anahitimu hajui kushika kirungu cha ngoma. Huyo naye simtaki darasani.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, linatubana kwa namna yake. Wimbo wa usiku kucha unakatwa uingie kwenye dakika chache za jukwaani. Sipingi kukata. Ila mwalimu ajue anakata wapi, na awaambie watoto kilichobaki nje. Darasa la Nairobi lina watoto wa makabila kumi; mara nyingi shosho wa mmoja wao anaujua wimbo huo kuliko kitabu chochote, na simu ya dakika tano inatosha.

Yule mzee huja kwetu Alhamisi. Saa nzima ya kwanza hakuna anayegusa uzi. Wanakaa chini, pete kidoleni, wanagonga. Wengi hulalamika kifundo cha mguu kinauma.