Jibu: Je, Washington aliuchukia utumwa kweli?

Mkuu, unasema wosia wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, uliwaachia huru watumwa wake, basi aliuchukia utumwa. Wosia upo, sikatai. Ila tazama alivyoishi Philadelphia akiwa rais. Sheria ya jimbo hilo, Pennsylvania, ilimruhusu mtumwa wa mgeni kudai uhuru akikaa humo miezi 6 mfululizo. Mzee akawa anawavusha watumwa wake nje ya jimbo kabla miezi haijatimia, kisha anawarudisha, hesabu inaanza upya. Mwaka 1791 alimwagiza katibu wake jambo hilo lifanyike kwa kisingizio, watumwa na umma wasigundue. Sasa kama haoni kosa, anaficha nini?

Mjakazi mmoja wa mkewe, jina lake Ona Judge, alitoroka Mei 1796 mabwana wakila chakula cha jioni. Gazetini wakaahidi dola 10 kwa atakayemrudisha. Alifariki 1848, kisheria bado mtoro.