Ni "mfupa wa pua uliopinda" au "ukuta wa pua uliopinda"?

SWALI: Ninaandaa kijitabu cha afya na nimeandika hivi: "Mfupa wa pua uliopinda husababishwa na umbo la mifupa ya uso." Mhariri amekata "mfupa" akaweka "ukuta", kisha akapigia mstari neno "husababishwa" bila kueleza kwa nini. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mhariri yuko sahihi katika yote mawili, ingawa neno aliloweka nalo linahitaji kuongezewa kidogo.

Kinachozungumziwa hapa ni kile kizuizi kilichosimama ndani ya pua na kutenga tundu la kulia na la kushoto. Wengi hukiita "mfupa wa pua", nami sina ugomvi na anayesema hivyo katika mazungumzo, kwa kuwa anaeleweka. Lakini katika maandishi ya tiba jina hilo tayari lina mwenyewe. Mifupa ya pua ni miwili midogo iliyokaa ubavu kwa ubavu kwenye mwamba wa pua, pale miwani inapokalia, nayo inaweza kuwa imenyooka kabisa huku kizuizi cha ndani kimekwenda upogo. Tena kizuizi chenyewe si mfupa mtupu. Sehemu ya mbele, ile unayoweza kuitikisa kwa vidole, ni gegedu. Mfupa uko nyuma yake, juu likiwa bamba jembamba la mfupa wa ethimoidi na chini mfupa uitwao vomeri, na vyote hivyo huegemea tuta jembamba lililoinuka katikati ya taya la juu na kaakaa. Neno "ukuta" linabeba gegedu na mfupa kwa pamoja, na hiyo ndiyo faida yake. Hata hivyo pua ina kuta za pembeni pia, zenye vile vinyama vinavyovimba mtu akishikwa na mafua, kwa hiyo ningeandika "ukuta wa kati wa pua".

Angalia pia upatanisho, maana hapo waandishi wengi huteleza. "Ukuta wa pua uliopinda" ni ukuta ndio uliopinda. "Ukuta wa pua iliyopinda" ni pua ndiyo iliyopinda, na ukuta wake huenda hauna neno. Katika umoja silabi mbili zinatenganisha maana hizo: "u" na "o" upande mmoja, "i" na "yo" upande wa pili. Katika wingi msaada huo unapotea, kwa sababu "kuta za pua zilizopinda" inakubali maana zote mbili, na msomaji hana namna ya kujua ipi imekusudiwa. Ukilazimika kutumia wingi, geuza kitenzi kiwe jina: "kupinda kwa kuta za kati za pua".

Kitenzi "kupinda" chenyewe kimekaa vizuri. Kinataja hali ilivyo na kunyamaza kuhusu aliyeileta, jambo linalofaa, kwa kuwa watu wazima walio wengi wana kiasi fulani cha upogo huo bila kukumbuka kuumia. "Kupotoka" ningekiepuka, kwani kina harufu ya upotovu wa tabia, na mgonjwa hakukosa lolote.

Sasa "husababishwa", ambalo kwangu ndilo kosa zito zaidi. Kiambishi "hu-" kinaifanya sentensi iwe kanuni ya siku zote, na mnyambuliko wa kutendwa unaweka mtendaji upande mmoja na mtendwa upande wa pili. Mwili haukujipanga hivyo. Kwanza, vomeri yenyewe huhesabiwa miongoni mwa mifupa 14 ya uso, kwa hiyo sehemu ya kile unachokiita matokeo imo ndani ya kile unachokiita chanzo. Pili, ukuta huo hukua ukiwa umebanwa kati ya sakafu ya fuvu na paa la kinywa. Ukirefuka kuliko nafasi iliyopo, hauna pa kwenda ila upande. Ndiyo maana upogo wake mara nyingi huonekana pamoja na kaakaa jembamba lililoinuka sana, au taya la juu ambalo pande zake hazilingani. Lakini gegedu la pua nalo lina sehemu katika ukuaji wa uso wa mtoto, na madaktari wa upasuaji huwa waangalifu kuligusa kabla uso haujamaliza kukua. Kwa hali kama hii Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendana: ukuta na taya "huathiriana". Ukitaka neno lisilodai mengi, andika "kunahusiana na". "Kunahusishwa na" ni tofauti kidogo, kwa kuwa humwingiza mtu wa nje anayeunganisha mambo hayo mawili, na msomaji makini atauliza ni nani huyo.

"Umbo" nalo ningelibadilisha. Umbo la mfupa mmoja ni jinsi ulivyochongeka. Namna mifupa mingi inavyoshikana na kupangana ni "muundo".

Sentensi yako basi inaweza kusomeka hivi: "Kupinda kwa ukuta wa kati wa pua mara nyingi kunahusiana na muundo wa mifupa ya uso, hasa jinsi taya la juu na kaakaa vilivyokua." Iwapo aya inayofuata inamhusu mtu aliyeumizwa, kwa mfano mtoto aliyebanwa pua wakati wa kuzaliwa au mchezaji aliyepigwa kiwiko, hapo mtendaji anajulikana, na "ukuta uliopindishwa na pigo" ni Kiswahili safi, taya na kaakaa hayana haja ya kutajwa.