Sindano za kupunguza uzito na hamu ya kula: maswali yenu

Nipo wiki ya pili kwenye sindano ya semaglutide, mbona usiku bado natamani vitu vitamu kama zamani?

Mapema mno. Ile 0.25 mg ya kuanzia ni ya kuuzoesha mwili tu, kwa Wegovy (jina la dukani la semaglutide ya kupunguza uzito) dozi inapanda kila baada ya wiki 4 mpaka kufika 2.4 mg, yaani miezi kama minne hivi. Wapo wanaoona hamu imekata ndani ya siku chache, wapo wanaosubiri sana, usijiongezee dozi kisa mwenzio kasema kwake ilifanya kazi siku ya kwanza.

Hivi inakata hamu au inajaza tumbo tu?

Vyote viwili. Inaiga GLP-1, homoni ambayo utumbo wako unaitoa wenyewe ukila, ila ya asili inavunjwa ndani ya dakika chache na hii inadumu wiki nzima. Inachelewesha chakula kutoka tumboni, ndo maana unashiba haraka, alafu inafika mpaka kwenye ubongo, sehemu zinazosimamia njaa na zile za kutamani, ndo maana watu wanakwambia nilikuwa nawaza kula toka naamka, saivi kitu kipo mezani nakiangalia tu wala sina habari nacho.

Mi sina hamu na chochote, nakula mara moja kwa siku, si ndo nitapungua chap?

Utapungua ndio, na misuli nayo inaondoka, hapa ndo wengi wanajiharibia. Kula kidogo kidogo, anza na protini, kunywa maji, fanya na mazoezi ya kunyanyua uzito. Mafuta mengi yanazidisha kichefuchefu. Ila ukitapika mpaka maji hayakai, au tumbo likauma vibaya hadi mgongoni, nenda hospitali muda huohuo, inaweza kuwa kongosho limevimba.

Natumia tirzepatide (sindano nyingine ya kupunguza uzito) na vidonge vya uzazi wa mpango, kuna ishu?

Ipo. Inaweza kupunguza nguvu ya vidonge, ongeza kondomu wiki 4 za mwanzo na wiki 4 kila dozi ikipanda.

Nikifika kilo ninazotaka nikaacha, hamu itarudi?

Kwa wengi inarudi. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa semaglutide watu walipungua wastani wa karibu 15% ndani ya wiki 68, waliofuatiliwa baada ya kuacha walirudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Na sio uzembe wao, dawa ikitoka mwilini njaa inarudi palepale. Kwahiyo ongea na daktari kabla hujaanza, utakaa nayo mpaka lini na utaimudu vipi, usisubiri mpaka ufike.