Kamera ya mtoto: ya waifai au ile yenye kioo chake?

SWALI: Dada shikamoo. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne, wiki ijayo narudi kazini Posta na kwetu ni Tabata, mtoto anabaki na dada wa kazi. Baba yake anataka tununue kamera ya waifai ile inayozunguka ili tuwe tunamchungulia kwenye simu, mi nimeona nyingine inakuja na kioo chake haitaki intaneti kabisa ila bei yake imechangamka. Mtoto analala chumbani kwetu, kitanda chake kina neti. Umeme kwetu ndo hivo tena, unakatika unarudi. Tuchukue ipi? Na dada tumwambie au tunyamaze?
Mama mpya, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Swali lako ni kama mawili yamefungwa kwenye kanga moja, maana hizo mashine mbili kazi zake ni tofauti kabisa. Ile yenye kioo chake inaongea na kioo chake tu, moja kwa moja, haipiti kwenye intaneti, kwa hiyo ukitoka getini ukapanda daladala ndo basi haikusaidii kitu, hiyo ni ya mtu aliye jikoni au sebuleni na mtoto yuko chumbani. Na hata hapo usiamini ile mita 300 iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo walipima uwanjani, nyumba zetu za tofali na nondo kuta tatu tu mawimbi yanachoka. Wewe unataka kuona ukiwa Posta, hapo baba yuko sahihi, ni ya waifai. Usiku mko naye chumba kimoja, na hata chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi walau miezi 6 ya mwanzo, kwenye kitanda chake, chali, sasa kioo cha kumwangalia mtu aliye hatua mbili kutoka kwako cha nini? Hela hiyo itunze.

Ila kabla hujalipa nikwambie kilichonikuta. Kamera yangu ya kwanza mchana ilikuwa safi, naona mpaka kucha za mtoto, usiku ikawa ukungu mweupe mtupu, mtoto haonekani. Nikajua imekufa, nikaibeba mpaka Kariakoo, fundi akaniuliza swali moja tu, mtoto analala kwenye neti? Kumbe hizi kamera gizani zinamulika kwa taa ambayo macho yetu hayaioni vizuri, ile taa ikigonga neti inarudi yote kwenye lenzi, basi kamera inaona neti na mtoto aliye nyuma yake haimwoni. Neti usitoe kwa ajili ya kamera, malaria si ya kuchezea. Nilichofanya niliingia kwenye seting nikazima hiyo taa ya usiku, nikaweka kabalbu kadogo hafifu pembeni ya chumba, picha si nzuri saana ila mtoto namwona. Wewe ukienda dukani beba kipande cha neti, ndiyo, watakushangaa, mwambie muuzaji aiwashe kamera chini ya meza kwenye giza alafu weka neti mbele yake uone. Na hakikisha hiyo taa inazimika kwenye seting, maana zipo zinazogoma.

Umeme sasa. Watu wanasahau kwamba ukikatika haizimi kamera tu, na ruta (kile kiboksi kinachotoa waifai) inazima, kwa hiyo hata kamera ukiichomeka kwenye pawa benki (nyingi zinatumia waya wa yuesibi kama wa simu, zinakubali) bila ruta huoni kitu. Ruta itafutie kile kibetri chake kidogo, kinakaa kati ya ruta na soketi, ila angalia volti zake zilingane na za ruta. Ile yenye kioo nayo usidhani imepona, kioo kina betri ila kamera yenyewe mara nyingi haina, umeme ukienda unabaki umeshika kioo cheusi.

Bando nalo lina mdomo. Kamera ikituma megabiti 1 kwa sekunde, saa moja imekula kama MB 450 huko nyumbani, na wewe ofisini simu yako inakula hizo hizo. Ukiiacha wazi tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni mtakuja kugombana na baba. Shusha ubora wa picha, fungua dakika moja chungulia funga, weka na memori kadi ndani ya kamera irekodi yenyewe, kurekodi kwenye kadi hakuli bando.

Kingine ni pasiwedi, na hapa nitakuwa mkali. Agosti 2013 kule Houston, Texas, wazazi walisikia sauti ya mwanaume chumbani kwa binti yao wa miaka miwili, wanaingia wanakuta mtu anamtukana mtoto kupitia kamera, kaingia kwa intaneti huko huko aliko. Kwa hiyo pasiwedi iliyokuja na kamera badilisha siku hiyo hiyo, isiwe jina la mtoto, isiwe ya simu yako, kama apu ina ile ya kukutumia namba ya uthibitisho kwenye simu kabla ya kuingia iwashe, na ikikuomba kusasisha programu usiwe unabonyeza baadaye baadaye.

Waya uwe mbali na kitanda, walau mita moja. Mwanangu akiwa na miezi tisa aliuvuta, mi nilikuwa nimeibana kamera kwenye ubao wa kitanda ili nimwone vizuri, bibi yake ndo alimkuta waya uko shingoni anacheka nao. Alicheka yeye, sisi tulikaa chini. Ipandishe ukutani juu, waya ushikiziwe kwa klipu.

Kuhusu dada, mwambie. Mwonyeshe ilipo, mwonyeshe kwenye simu inavyoonekana, mwambie na sauti inasikika. Ikae anapolala mtoto na pale anapochezea, chumba anacholala dada au anapobadilishia nguo hapana, hata kama mtoto anaingia humo. Ukimficha ataigundua tu, siku anafuta vumbi, na hapo utakuwa umempoteza mtu unayemwachia mwanao masaa tisa kwa siku. Alafu jiulize, ukiwa Posta ukaona mtoto analia na hakuna mtu, utafanya nini na foleni ile? Utapiga simu. Basi simu ya dada iwe na chaji kila siku, na jirani mmoja namba yake uwe nayo, hiyo mi naihesabu kabla ya kamera.

SWALI: Kamera yetu usiku ina vitaa vyekundu vinang'aa kwa mbali, mama mkwe anasema vitamuua mtoto macho. Kweli?
Baba wa mmoja, Mombasa

JIBU: Hapana kaka, ni ile ile taa ya gizani niliyoisema juu, aina nyingine wekundu wake unaonekana kidogo, nyingine hauonekani kabisa. Ni hafifu, na kamera ikiwa juu ukutani haimwingii machoni. Ila mama mkwe usimbishie, izibe kwa kiganja gizani umwonyeshe picha inavyopotea, atakuelewa mwenyewe.

SWALI: Shemeji kaniletea monita ya mtoto, ile kamera na kioo chake, kutoka Marekani, nichomeke tu na adapta ya pini tatu?
Dodoma

JIBU: Subiri! Soma maandishi madogo kwenye chaja yenyewe, ya kamera na ya kioo, zote mbili. Ikiandikwa 100–240V chomeka. Ikiandikwa 120V peke yake usijaribu, ile adapta inabadilisha pini tu, umeme wetu wa 230 unapita vile vile unaiunguza. Tafuta chaja nyingine yenye volti na ampea zile zile za upande wa kutoa, na pini inayoingia vizuri, haizidi elfu chache.