Barua kwa mwanangu: umeniuliza niliwezaje kubalansi

Mwanangu,

Ile voisi noti yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nikaona bora nikae. Unasema umepata nafasi kwenye ile kozi ya uuguzi ya haraka, ya watu ambao tayari wana digrii nyingine, inakwisha kwa mwaka na kitu badala ya minne, na kazi ya ofisini hutaki kuiacha, na mke unaye, na mtoto hajafika hata miaka mitatu, "sasa mama, wewe uliwezaje kubalansi?"

Sikubalansi baba. Naona umekua ukidhani niliweza, na hilo kosa ni langu maana sijawahi kukuhadithia.

Wewe ulikuwa mdogo, mi mchana nipo chuo cha uuguzi, usiku naenda kulinda mgonjwa mzee nyumbani kwa watu, nalipwa kwa siku, nalala masaa matatu au manne tu basi, na nilikuwa najisifu kabisa kwamba mi ni jembe. Asubuhi moja tupo wodini kwa vitendo, nimetoka huko usiku moja kwa moja sijagusa kitanda. Dawa imeandikwa nusu miligramu ila aliyeandika kaanza na nukta, sifuri hakuweka, mi nikasoma 5. Nimeshaanza kuandaa, sista aliyekuwa ananisimamia akaniambia kwa upole tu, hebu nisomee tena hapo. Nikasoma, nikasema 5. Akasema tena. Nikasema 5! Mara ya tatu ndo nikaiona ile nukta, na mikono ikaanza kutetemeka kwa sababu hiyo ni dozi mara kumi. Mgonjwa hakupewa kitu kibaya, mi nikajifungia kwenye chumba cha mashuka nikalia, nikatoka nikaendelea na shifti. Nyumbani hakuna aliyejua mpaka leo hii unasoma wewe.

Utafundishwa wiki za mwanzo kabisa kwamba nusu inaandikwa 0.5, sifuri mbele lazima, na namba nzima usiiwekee .0 nyuma maana 5.0 mtu aliyechoka anaweza kuisoma 50. Darasani utaona ni kitu cha watoto. Ukifika hapo nikumbuke.

Ndo maana sitaki kusikia habari ya kuiba usingizi ili kazi na shule vyote vikae. Walishawapima watu, mtu akikaa macho saa 17 mfululizo akili yake inafanya kazi kama ya mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, akifika saa 24 ni kama 0.10, na huyo nchi nyingi hazimruhusu ashike usukani. Sasa piga hesabu yako wewe, unaamka saa kumi na moja alfajiri, ofisini mpaka jioni, foleni, mtoto, chakula, ikifika saa nne usiku ndo saa 17 hizo zimetimia, na hapo ndo umeniambia utakuwa unafungua kitabu cha dawa! Utasoma ukurasa mmoja mara nne, mi najua nilivyokuwa.

Halafu uielewe hiyo kozi ilivyo. Wengi wanadhani haraka maana yake wamepunguza vitu. Hawajapunguza ugonjwa hata mmoja. Yale masomo ya jumla wamekuhesabia kwenye digrii yako ya kwanza, na likizo ndo zimeondolewa, lakini uuguzi wenyewe unaupata wote, maabara, wodi, dawa, watoto, wazazi, afya ya akili, vyote vimebanwa. Marekani ambako kozi hizi zimejaa ni miezi 11 mpaka 18, na vyuo vingi vinawaambia wanafunzi wazi kabisa msifanye kazi, na si roho mbaya. Kwenye kozi ya kawaida ukipata sapu, ule mtihani wa kurudia, unahangaika nayo ila maisha yanaenda. Huku darasa zima linatembea pamoja, ukianguka somo moja wenzako wanasonga na wewe mara nyingi unakaa kusubiri kundi linalofuata, kama hujadisko, yaani kuondolewa chuo kabisa. Yaani ule mshahara uliong'ang'ania ndo unakuja kukugharimu mwaka.

Kwa hiyo jibu langu, na najua hutalipenda: kazi ya siku nzima hapana.

Ila usitupe barua, sijamaliza. Kuna kipindi ambacho kufanya kazi inawezekana na watu wanakipoteza, ni kile cha kabla. Anatomia, fiziolojia, maikrobiolojia, takwimu, yale masomo wanayotaka uwe nayo kabla hujaingia, hayo yasome jioni moja moja huku bado una mshahara wako kamili, na humo humo ndo uweke akiba. Kama kuanza inabidi usogeze kwa muhula mmoja ili akiba ifike, sogeza, hakuna anayekukimbiza. Na akiba usihesabu kwa miezi ya kozi peke yake, hapo ndo wengi wanakwama. Kozi ikiisha kuna mtihani wa leseni, kuna kusubiri leseni yenyewe, kuna kutafuta ajira, halafu unaanza na mwezi wa kwanza bado hujaona kitu. Kama kozi ni miezi 12 wewe hesabu 16. Ukiona hazifiki ndo unatafuta kibarua cha wikiendi, siku moja, isizidi mbili, na kiwe kile ambacho ukisema wiki hii siji kuna mtihani, hakuna anayenuna. Ukipata cha usaidizi wodini ni bora zaidi, maana angalau unazoea kugeuza mgonjwa, kupima presha, kuongea na ndugu waliopaniki. Naiti usichukue, nimeshakwambia kwa nini.

Bosi wako mwambie mapema na umwambie ukweli. Hii ya kusoma kwa siri huku umeweka simu chini ya meza inaisha vibaya.

Sasa mkeo. Hapa nitakaa kidogo. Nimesikiliza ile voisi vizuri, umesema "mke wangu yupo, atasaidia", ukapita. Baba, mkeo si mchezaji wa akiba anayekaa benchi akisubiri wewe uchoke. Naye ana kazi yake na uchovu wake. Ukipokea ratiba mkae chini wawili, kalenda mezani, umwonyeshe wiki za mitihani ni zipi, siku za wodini za masaa 12 mfululizo ni zipi, na umuulize yeye anaachia nini na hawezi kuachia nini, halafu unyamaze usikie. Mi na baba yako hatukukaa hivyo hata siku moja. Kila mtu alikuwa anadhani mwenzake anaona. Tuligombana mwaka mzima kuhusu vyombo, na haikuwa vyombo.

Na uwe na kitu kimoja cha mtoto ambacho hakiguswi. Usiniambie nitampa wikiendi yote, wikiendi itajaa asainimenti utamwona kupitia mlangoni. Chukua kidogo cha kila siku, kumwogesha kwa mfano, dakika 20, simu ipo chumba kingine, siku za wodi tu ndo mama yake anashika. Wewe nilikuwa nakuletea zawadi kila nikikosa na ulikuwa unazipokea vizuri tu, ila usiku ukiamka ulikuwa unamwita baba yako. Sikulaumu, nakwambia tu.

Vingine acha vianguke, ila uvichague mwenyewe kabla. Mpira wa jumamosi, magrupu, kupaka nyumba rangi, simu zangu hizi za saa nzima pia. Shughuli za ndugu nitakusemea mimi, nitawaambia mwanangu yupo shule mpaka tarehe fulani na anayetaka kununa aninunie mimi.

Kusoma kwenyewe sina mengi. Usikeshe. Siku ileile uliyofundishwa rudia kwa maswali, usirudie kwa kupaka kitabu rangi za haiilaita, mtihani wa uuguzi haukuulizi jina la dawa, unakuuliza wagonjwa wanne hawa unaanza na yupi. Hesabu za dozi fanya kila siku hata mbili tu, ukiwa unasubiri basi, mpaka zitoke bila kufikiri. Dripu ya mililita 1000 iishe kwa saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Elfu moja mara 20 gawanya kwa dakika 480, inakuja 41 na pointi, unaweka 42. Mi zilikuwa zinanitoa jasho, nikajifunza jikoni, sufuria inachemka nami natazama saa ya mkononi nahesabu kwa sauti na wewe chini unaniitikia, moja, mbili, kumi.

Mwezi wa nne au wa tano utanipigia useme unaacha. Pokea ushauri huu sasa hivi ukiwa na akili, siku hiyo usiamue kitu, ule ulale kwanza, tutaongea kesho yake.

Ratiba ikitoka nitumie picha, na mkeo naye anitumie siku zinazombana, nione lini naweza kuja kukaa na mjukuu wangu. Ile saa nimeitafuta tangu asubuhi nimeipata kwenye droo ya chini, yenye mshale wa sekunde, betri imekufa tu. Naipeleka kwa fundi kesho.

Mama yako